Zilipendwa na Nani?

Baada ya mavuno ya mwaka jana aliolewa binti wa ndugu yetu, nasi, kwa kuwa ndio wakubwa katika ukoo, tukapewa kazi ya kusimamia karamu. Kijana aliyekodiwa pamoja na vipaza sauti vyake alikuja kwa adabu akatuuliza apige muziki gani. Tukamjibu pasipo kufikiri, "Piga zilipendwa." Akapiga. Tangu saa moja ya usiku hata saa sita zilisikika nyimbo za ujana wetu. Sisi wenye mvi tukacheza, tukapiga makofi, tukaambiana kwamba huu ndio muziki. Hata tulipogeuka kutazama nyuma, tukaona vijana wote wametoka. Walikuwa wamesimama nje chini ya taa ya duka, wamekizunguka kisimu kimoja, wanasikiliza nyimbo zao. Bibi arusi peke yake hakuweza kutoka. Alikaa kitini pake mbele ya watu, ametulia, mikono juu ya mapaja, kama mgeni aliyefika kwenye arusi ya watu wengine.

Baada ya siku tatu akaja na mumewe kutuamkia. Tukamwuliza kama karamu ilimpendeza. Akajibu kwa adabu, "Ilikuwa nzuri sana, Baba mkubwa. Ilikuwa arusi yenu kweli."

Usiku ule hatukulala upesi. Ndipo tukaazimu kulichunguza neno hili zilipendwa, na mapenzi yetu ya mambo ya ujana wetu, tuyapime kama mwalimu apimavyo insha, tuone mna kweli kiasi gani ndani yake, na mna udanganyifu kiasi gani.

Kwanza neno lenyewe. Katika Tanzania zilipendwa ni jina la nyimbo za dansi za zamani, hasa za miaka ya 1960, 1970 na 1980, zilizopigwa na bendi kama NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Dar International, Vijana Jazz, Maquis na Mlimani Park. Redio huzipiga katika vipindi vyake maalumu, na watu wazima huziomba katika arusi na sherehe. Tena neno limekwisha kupanuka: nguo za zamani nazo huitwa zilipendwa, na mitindo ya nywele, hata mtu aliyepitwa na wakati huitwa hivyo kwa mzaha.

Wale tuliowafundisha sarufi watakumbuka kwamba neno hili si jina kwa asili yake, bali ni kitenzi. Lina -li- ya wakati uliopita, tena liko katika kauli ya kutendwa. Kitenzi cha namna hii hudai mtenda. Mtoto akiandika katika daftari lake, Mbuzi aliibwa, mwalimu humwuliza, Na nani? Basi hapa mtenda ameachwa, wala hakuna aliyeuliza. Zilipendwa, na nani? Sisi twalitamka neno kana kwamba zilipendwa na nchi nzima, wakubwa kwa wadogo. Si kweli. Zilipendwa nasi tuliokuwa vijana. Baba zetu hawakuzipenda hata kidogo.

Na tutoe ushahidi wa nyumbani kwetu. Mwaka 1974 tulikuwa katika chuo cha ualimu, tukarudi nyumbani kwa Krismasi tumevaa suruali ya bugaluu, pana chini kiasi cha kufagia njia, na viatu vya raizoni vilivyotupandisha juu kama mtu aliyesimama juu ya kigoda. Nywele tulizichana zikasimama kichwani kama kichaka. Vitu hivyo tulivinunua kwa posho ya miezi mingi, tukiacha hata kula chai. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili, tulipokwenda mtoni kuoga, alitwaa makasi ya mama akaikata ile suruali magotini, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kitanda chetu. Vile vipande viwili vya chini mama alivishona vikawa mifuko ya kutilia mbegu za mahindi. Na juu ya nyimbo tulizoziimba tukichota maji, baba alisema kwamba hizo si nyimbo, ni kelele za watu wasio na kazi, na kwamba zamani nyimbo zilikuwa na maana.

Wala hakuwa baba yetu peke yake. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, nayo ikaanza tarehe 1 Januari 1969 mjini Dar es Salaam. Ilikataza sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua ngozi, na suruali za kubana. Watu wakaandikiana barua magazetini, wengine wakiisifu, wengine wakiuliza ni nguo ipi hasa iliyo ya utamaduni wetu, maana suruali yenyewe ilitoka ng'ambo. Basi tazama safari ya suruali, msomaji. Mwaka 1969 nyembamba ilikuwa kosa. Mwaka 1974 pana ikawa kosa mbele ya baba yetu. Leo vijana wamerudi kuvaa nyembamba, na sisi, tuliokatiwa ile pana, ndio tunaonung'unika barazani kwamba hawa watoto wanavaa nguo za kubana. Suruali imepungua na kuongezeka. Manung'uniko hayakubadilika hata chembe.

Baba alifariki mwaka 1991. Katika matanga tulikaa usiku na baba mdogo, naye akatueleza jambo ambalo hatukupata kulisikia. Alisema, "Ninyi hamjui. Ndugu yangu alikuwa kingi wa beni." Wasomaji wengi hawakuiona beni, basi na tuieleze. Ilikuwa ngoma iliyoanzia mwambao wa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga bendi za askari. Wachezaji walivaa sare, wakashika fimbo, wakapeana vyeo vya kingi na jemadari, wakagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti, kila upande ukishindana na mwenziwe kwa mavazi na kwa karamu. Vita vya 1914 hata 1918, vilivyochukua askari na wapagazi wengi kutoka kila kabila, viliieneza beni mpaka vijiji vya mbali. Wamisionari wengi na wazee wengi hawakuipenda. Waliona ni majivuno na upotevu wa mali.

Baba yetu, alisema baba mdogo, alikuwa na koti lenye vifungo vya shaba, na kofia, na fimbo ya kutembelea. Wazee wa kanisa wa siku zile walimtenga na Meza ya Bwana muda wa miezi sita kwa ajili ya koti lile. Na babu yetu alisema nini? Baba mdogo alilikumbuka neno lake: kwamba ngoma za kweli zimekufa, na hizi za vijana ni kelele za askari zisizo na maana.

Hapo tulielewa kwamba baba alitukatia suruali kwa makasi yaleyale aliyokatwa nayo yeye. Tusilolielewa hata leo ni kwa nini hakutuambia. Labda aliona haya. Au labda lile koti lilikuwa limekwisha kugeuka katika kumbukumbu yake likawa vazi la heshima, na ngoma yake ikawa ngoma yenye maana, akasahau kabisa kwamba aliadhibiwa kwa ajili yake. Twashuku hili la pili, maana ndilo lililotupata sisi. Kumbukumbu hufua nguo zote za ujana, na madoa hayarudi.

Wala mambo hayaishii kwetu. Muziki wa Bongo Fleva ulipoingia katika miaka ya 1990, na Professor Jay alipotoa Ndio Mzee mwaka 2001, wengi wa rika letu walisema huu si wimbo, ni mtu anasema haraka. Vijana wa mwaka ule leo wanasomesha watoto wao, na ukikaa nao utawasikia wakisema kwamba muziki wa kweli ulikuwa ule, si hizi singeli zinazokimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hata mwaka 2017 wasanii wa Wasafi walitoa wimbo, wakauita kwa jina hilihili, Zilipendwa. Wahenga walisema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Neno hilo ni la kweli kwa vijana. Kwetu sisi wazee ingefaa kuligeuza: Cha kale nacho kinyemi, ingawa kilikuwa kidonda.

Lakini msomaji asidhani twataka kusema kwamba nyimbo zote ni sawa, na tofauti ni umri wa masikio tu. Mwalimu asemaye kwamba insha zote ni sawa ni mvivu wa kusahihisha. Nyimbo zetu zilikuwa na uzuri wake wa kweli, nao waweza kuelezwa hata kwa mtu asiyezaliwa wakati ule.

Uzuri wa kwanza ni saburi. Wimbo wa dansi haukuwa na haraka. Mwanzoni magitaa huongea, moja likiuliza na jingine likijibu, na besi chini yake hutembea kama mtu mzima aendaye shambani asubuhi. Waimbaji wawili au watatu huleta shauri lao beti kwa beti: barua kwa mchumba, ugomvi wa mume na mke, rafiki aliyesaliti, kijana aliyepotelea mjini. Tarumbeta na saksafoni huingia katikati kama wazee wa baraza wanaoitikia. Maneno yakiisha mwendo hubadilika, magitaa huharakisha, ngoma huamka, na hapo ndipo mahali wenyewe walipopaita chemko. Katika sahani ndogo za santuri mara nyingi wimbo ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza maneno na upande wa pili mchezo. Basi mtu alifundishwa kusikiliza kwanza, kisha kucheza. Hilo ni jambo kubwa, nasi hatuoni haya kulisifu.

Uzuri wa pili ni wingi wa mikono. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyekufa katika ajali ya motokaa huko Kenya mwezi wa Januari 1979, alikuwa fundi wa gitaa ambaye watu humtaja peke yake; lakini ukisikiliza vema utaona kwamba gitaa lake limebebwa na watu wengi, kila mmoja na sehemu yake, wala hapana anayemkanyaga mwenziwe. Marijani Rajab naye alikuwa na sauti ya kuhadithia, nayo ilikuwa na watu wa kuiitikia. Uzuri wa tatu ni Kiswahili chao. Kilikuwa chepesi, safi, chenye methali, kikaeleweka Kigoma na Mtwara sawasawa.

Tukiisha kusifu, na tusahihishe makosa, maana kalamu nyekundu haichagui daftari la rafiki. Kosa kubwa la nyimbo hizi ni habari za wanawake. Hesabu ngapi zamlaumu mke mwenye tamaa, msichana aliyeharibiwa na mji, mchumba aliyemwacha maskini akafuata mwenye gari. Wapigaji na waimbaji wa bendi karibu wote walikuwa wanaume. Basi mwanamke ndiye aliyekuwa mshtakiwa, na mwanamume ndiye hakimu, tena ndiye shahidi, tena ndiye mpiga gitaa. Dada zetu walicheza nyimbo hizo, lakini jibu lao halikusikika katika dansi.

Kosa la pili ni letu sisi tunaosifu. Twasema kwamba muziki wetu ulikuwa wa Kiafrika mtupu, na wa vijana wa leo umetoka kwa wageni. Haya si kweli. Mlimani Park waliuita mtindo wao Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. NUTA waliuita wao Msondo, nao msondo ni ngoma ya unyago. Hayo ni ya kwetu. Lakini magitaa yao yalifuata rumba, iliyotoka Kuba ikatufikia kwa sahani za santuri tangu miaka ya 1930, ikapita pia katika mikono ya Wakongo. Maquis walitoka Kongo. Remmy Ongala, ambaye Watanzania wengi walimpenda kama ndugu, alizaliwa Kongo mwaka 1947. Muziki wetu ulikuwa mzuri kwa sababu ulipokea na kuchanganya. Twawezaje kuwakataza vijana jambo lilelile lililotufanyia wema?

Tena kuna lawama moja isiyo ya haki kabisa, nayo ni hii: kwamba vijana wameacha tarumbeta na saksafoni, wakaweka kompyuta mahali pake, kwa kuwa ni wavivu. Na tuulize tarumbeta zile zilinunuliwa na nani. Bendi ya NUTA iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa watu wa mshahara. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake. Polisi walikuwa na yao, na Jeshi la Kujenga Taifa yao. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 baadaye ilitunzwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mashirika, na kijana maskini mwenye kipaji aliweza kushika saksafoni ambayo asingeweza kuinunua kwa mshahara wa miaka. Katika miaka ya 1980 na 1990 mashirika ya umma yalidhoofika, mengi yakauzwa au kufungwa, na hapakuwa na mtu wa kununua tarumbeta. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuziacha tarumbeta, hawakuzikuta. Wakafanya muziki kwa kile walichokikuta. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule hatukupiga kelele vyombo vilipotiwa kutu, bali twapiga kelele leo kwamba havisikiki.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Ikiwa nyimbo zetu zina uzuri na makosa pia, kama nyimbo za watu wote, kwa nini tukizisikia machozi hututoka?

Sababu moja ni nyepesi. Tukisikia wimbo wa mwaka 1982 hatuikumbuki foleni ya sabuni. Hatukumbuki kwamba baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 sukari ilikuwa adimu, na nguo pia, hata mtu aliyepata shati la kafa Ulaya alionekana ana bahati. Twakumbuka kwamba magoti yalikuwa hayaumi. Wimbo umefungwa pamoja na magoti yale, nasi twausifu wimbo kwa kazi iliyofanywa na magoti.

Sababu ya pili ni nzito, nayo hatupendi mtu aicheke. Wengi tuliocheza nao hawapo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tulizika rafiki baada ya rafiki, mara nyingi pasipo kutaja ugonjwa. Tulipokuwa tukicheza usiku ule wa arusi, si kwamba tulikuwa tukicheza sisi ishirini tu. Kila mmoja alikuwa na mtu wake asiyeonekana. Kijana aonaye mzee akifumba macho katikati ya ukumbi na ajue kwamba huenda mzee yule hayuko peke yake.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Katika miaka ile Bara ilikuwa na redio moja tu ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za watu binafsi hazikuanza ila katika miaka ya 1990, na televisheni, iliyokuwako Zanzibar tangu mwaka 1973, haikuonekana Bara hata mwaka 1994. Kijijini kwetu palikuwa na redio tatu, ya mwalimu mkuu, ya katekista na ya mwenye duka. Jioni watu walikusanyika barazani pa mwenye duka. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikapata nguvu ya siku mbili tena. Wimbo mpya ulipopigwa uliusikia wewe, akausikia na mchumba wako katika kijiji cha pili, akausikia na ndugu yako aliyeko Mwanza, saa ileile. Kesho yake watu walibishana kisimani kana kwamba ni kesi ya jirani: Je, aliyekosa ni mume au mke? Mzee asiyeupenda muziki naye aliujua wimbo, maana hakuwa na mahali pa kukimbilia asiusikie.

Hiki ndicho tunacholilia. Si gitaa, wala si bugaluu, wala si tarumbeta. Twalilia kusikiliza pamoja. Leo kila mtu ana redio yake mfukoni, na mtoto wako aliyeketi karibu nawe amevaa vidude masikioni yuko katika nchi nyingine. Upweke huu ni wa kweli, nao vijana wenyewe wanaujua. Kwa nini, basi, walikizunguka kisimu kimoja chini ya taa ya duka? Walikuwa wakitafuta jambo lilelile tulilolipata sisi barazani.

Basi tazama kosa letu la arusini. Nyimbo zilizokusanya watu zamani tulizichukua tukazitumia kuwatawanya. Tulifunga mlango kwa ufunguo ule uliotengenezwa kwa kufungulia. Baba yetu alikata suruali moja. Sisi tulikata arusi nzima, tukaikunja vizuri, tukamwekea binti yetu mapajani.

Katika kitabu cha Ezra twasoma habari za siku ile ulipowekwa msingi wa nyumba mpya ya Bwana. Wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wengi walipiga kelele kwa furaha, hata watu hawakuweza kuipambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Tumelisoma fungu hilo mara nyingi kanisani tusiangalie jambo moja: wazee wale hawakuambiwa wanyamaze, wala vijana hawakuambiwa wasubiri. Wote walikuwako uwanjani pamoja, na kelele yao ikawa moja, ikasikika mbali.

Mwezi uliopita yule binti yetu alikuja tena kututazama. Tukamwomba atusikizishe wimbo mmoja katika zile walizozisikiliza wenzake usiku wa arusi yake. Alishangaa, akadhani twamfanyia mzaha. Tulipousikia mara ya kwanza hatukuambulia kitu, ila mbio. Tukamwomba aurudie, akasema nasi maneno yake mmoja mmoja. Tukakuta ndani yake kijana analalamika kwamba ampenda msichana lakini hana fedha za mahari, na marafiki wamemkimbia. Ni shauri lilelile la mwaka 1974, limevaa suruali nyembamba. Kiswahili chake kilikuwa na makosa mawili, na saburi haikuwamo, lakini palikuwa na fumbo moja zuri katika ubeti wa mwisho. Tungalimpa alama sita katika kumi. Nyimbo zetu nyingi, tukisema kweli, hazikustahili zaidi. Kisha tukamwimbia yeye wimbo mmoja wa zamani, pasipo gitaa, kwa sauti yetu hii iliyochakaa, tukamweleza ni nani aliyekuwa akiupenda, na amezikwa wapi. Akauliza maneno ya ubeti wa pili, akayaandika.

Ndugu wasomaji, hatusemi mwache kuzipenda nyimbo zenu. Asiye na wimbo wa ujana ni maskini. Ila zikija kupigwa mbele ya watu, tuwape vijana nusu ya usiku, tena nusu iliyo bora, si ile ya alfajiri wazee wakiisha kulala. Kabla ya kumwambia kijana kwamba wimbo wake hauna maana, tumwulize kwanza maneno yake. Na wale wapigaji wazee waliobaki katika wilaya zetu, wenye gitaa lisilo na nyuzi likining'inia ukutani, tusiwasifu redioni tu. Tuwapelekee nyuzi, na mtoto wa kufundishwa.

Tena tukilitaja lile neno, na tulitaje zima, pamoja na mtenda wake, kama sarufi inavyodai. Zetu zilipendwa nasi. Zao zapendwa nao. Na anayejua kutofautisha wakati uliopita na wakati uliopo hatamfukuza mtu arusini.